Shehena Moja Kwenda Mbeya

CV ya kwanza ya Bupe ilikuwa na kurasa tatu na picha ya pasipoti. Kwenye picha alikuwa amenuna kidogo, maana sisi wote tulifundishwa kwamba mtu anayecheka kwenye picha ya maombi hana shida na kazi. Chini ya picha palikuwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, na shule ya msingi aliyosoma Tukuyu kabla ya kuletwa Marekani. Mambo anayoyapenda: kusoma, kusafiri na kuimba kwaya. Wadhamini walikuwa watatu, wa kwanza mchungaji. Ndivyo alivyoelekezwa na mama yake, Edna, na Edna naye alielekezwa hivyo Mbeya, na kwa CV za namna hiyo watu wamepata kazi, wakazifanya na wakastaafu.

Hapa Marekani haikumpatia hata barua ya kukataliwa. Alimaliza chuo mwezi wa Mei, shahada ya ugavi na usafirishaji, na Septemba ikamkuta bado yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee Hyattsville, akifanya zamu zilezile alizokuwa akifanya mama yake kabla hajafa. Wazee wawili mle ndani walimwita Edna. Mwanzoni aliwasahihisha. Siku hizi aliitika tu, akaendelea kukunja mashuka.

Haikumuuma. Tangu mama yake afariki Februari ya mwaka uliopita, hakuna kilichomuuma, na watu walimsifu kwa hilo. Walisema huyu mtoto amejikaza kweli. Watu wetu bwana, mtu akifa ganzi mbele ya macho yao wanampigia makofi. Bupe alikula, alilala, alipanda basi, alijibu simu. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, nacho alikitaka kwa ubaridi, kama mtu anayekunywa maji bila kiu kwa kuwa ameambiwa anywe: kazi ya fani yake, atoke kwenye ile nyumba kabla jina la Edna halijamganda moja kwa moja.

Ndipo akaenda chuoni kuonana na Christopher, mshauri wa kazi kwa wahitimu. Christopher alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nyekundu. Picha ilikwenda. Dini ikafuata, na ndoa, na kwaya, na mchungaji. Alieleza kwamba hapa mwajiri hatakiwi hata kujua umri wako, na kwamba mtu anayesoma CV anaitupia jicho mara moja tu, basi ukurasa uwe mmoja na kila mstari uanze na kitu ulichokifanya. Bupe alitazama maisha yake yakipigwa mistari, akaona ni sawa.

"Hapa kuna muhula mzima hakuna kitu," Christopher alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa na msiba. Mama yangu. Tulimsafirisha nyumbani."

Christopher alimpa pole kwa Kiingereza, kisha akauliza taratibu alifanya nini hasa. Bupe akaeleza. Tulizungumza na nyumba ya mazishi, tulifuata vibali ubalozini, tulipata nafasi ya mzigo kwenye ndege kutoka uwanja wa Dulles, jeneza likakwama uwanja wa kubadilishia ndege kwa sababu ya muhuri mmoja, tukalikwamua, tukapata gari Dar es Salaam la kwenda nalo Mbeya.

"Hao 'sisi' ni nani?"

"Kamati ya msiba."

"Na suala la muhuri, nani alilitatua?"

Bupe alifikiri. "Mimi."

"Basi andika mimi."

Jambo dogo, ungedhani. Lakini kwetu hakuna mtu anayesema mimi kwenye msiba. Hata aliyezunguka kutwa nzima na gari lake husema tumesaidiana, na anayejitaja husemwa mpaka arobaini ipite. Christopher asingeweza kulijua hilo. Aliandika yeye mwenyewe, akamgeuzia kompyuta aone: Nilisimamia usafirishaji wa shehena ya kimataifa yenye masharti maalumu, kutoka Dulles hadi Mbeya, Tanzania, kwa ndege na barabara, nilitatua kikwazo cha nyaraka njiani. Akasema mstari huu ndio wenye nguvu kuliko yote, ila kama unamuumiza wautoe.

"Hauniumizi," Bupe alisema, na alisema kweli.

Printa aliyoizoea ilikuwa kwa Anti Leokadia, rafiki wa mama yake, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ile. Anti Leokadia aliichukua karatasi ikiwa bado ya moto, akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama. Tabasamu lake lilianza vizuri likaishia katikati ya ukurasa.

"Bupe, hii shehena ndiyo Edna?"

"Ndiyo, Anti. Chuoni ndivyo walivyoni-advise."

"Walivyoku-advise." Alikaa. "Umemweka mama yako kwenye resume ili u-apply nayo kazi. Halafu 'nilisimamia'. Ulisimamia wewe? Mimi niliyeshinda ubalozini nilikuwa nafanya nini? Mjomba wako Lusekelo aliyekaa na jeneza mpaka kaburini, yeye alikuwa nani?"

Hilo la mwisho lilikuwa na mwiba, na wote wawili walilijua. Lusekelo ndiye aliyesindikiza mwili kwa sababu Bupe hakwenda. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa, na mwanasheria alisema akitoka nje ya nchi sasa hivi yatahesabika ameyaacha. Kamati ikakaa, ikaamua mtoto abaki. Mazishi aliyaangalia kwenye simu, jikoni, picha ikikatikakatika, na ilipofika zamu ya kutupa udongo alikuwa anasuuza kikombe.

"Samahani, Anti," alisema.

"Mimi sitaki samahani. Ningetaka angalau nikuone unalia." Anti Leokadia alimrudishia karatasi, akaingia chumbani, na Bupe akatoka bila kuagana vizuri.

Kwenye basi alisoma tena ule mstari. Angeweza kuufuta. Lakini bila huo alibaki na shahada na mashuka, na maombi yote ya nyuma yalikuwa na shahada na mashuka. Akaituma CV kama ilivyo. Wiki haikuisha akaitwa kwenye usaili Herndon, kwenye kampuni ndogo ya mizigo ya ndege.

Aliyemsaili alikuwa Mkenya, Kimutai, mtu wa makamo mwenye sweta na sauti ya chini. Alianza kwa Kiingereza, naye Bupe akajibu vizuri tu maswali ya mwanzo, mikono juu ya mapaja. Kisha Kimutai akashuka na kidole chake kwenye ukurasa, kidole kikasimama. Alisoma mara mbili. Aliinuka akafunga mlango, akarudi na Kiswahili.

"Dulles mpaka Mbeya. Mzigo mmoja, masharti maalumu, nyaraka zinakwama, halafu barabara." Alimtazama. "Hii haikuwa cargo, dada. Ulikuwa unapeleka mtu. Nani?"

"Mama yangu."

"Pole sana. Sisi mzee wetu tulimpeleka nyumbani Kapsabet mwaka juzi." Hakuongeza neno la mbinguni wala la mapenzi ya Mungu, na Bupe alimshukuru moyoni kwa hilo. "Najua kazi yake. Sasa niambie ile document ili-delay wapi, na ulii-sort aje."

Bupe akamweleza. Cheti cha kutia dawa mwili kilikuwa na muhuri wa mji badala ya muhuri wa jimbo. Aliwasihi nyumba ya mazishi watoe kingine, Anti Leokadia akakikimbiza ubalozini, nakala ikatumwa, na Lusekelo kule uwanjani akakaa karibu na ghala asije mtu akasema mzigo hauna mwenyewe. Alisema tulifanya, tulituma, tulipata. Darasa la Christopher lote lilimtoka, lakini Kimutai hakuonekana kusumbuliwa. Aliandika, akauliza, akaandika.

"Hapa tunatuma miili pia," alisema. "Watu wetu, Waethiopia, Wakongo. Hiyo desk kila mtu anaikimbia. Nataka mtu ambaye hatakimbia. Swali la mwisho. Hiyo kazi ya kupeleka mama, kama ungerudia tena, ungefanya nini tofauti?"

Ni swali la kawaida, huulizwa hata anayeomba kuuza viatu. Jibu lake Bupe alilijua: unataja kosa dogo, unasema ulivyojifunza. Alikuwa nalo tayari, la ule muhuri, kwamba angeukagua mapema. Akafungua mdomo alitoe.

"Ningepanda ile ndege," alisema.

Kimutai aliweka kalamu chini. "Haukuenda?"

"Karatasi zangu zingekufa."

"Na sasa zimetoka?"

"Zimetoka," alisema Bupe. "Zilitoka Aprili. Mama alikuwa ameshazikwa." Na hapo hapo, mbele ya mtu aliyekuwa anatafuta karani wa mizigo, kifua kikamfunguka, akalia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa, kile ambacho Hyattsville nzima ilikisubiri isikipate. Iliuma. Iliuma mpaka kwenye meno. Alijaribu kusema samahani ikashindikana.

Kimutai hakumwambia anyamaze. Alikaa pale kama watu wanavyokaa matangani, mikono imefumbatwa, macho chini, mpaka alipomaliza.

"Kazi ni yako," akasema. "Lakini usianze Monday. Enda Mbeya kwanza, umuone, halafu urudi tuanze."