Ua Lililotoka Chumbani

Mimi ni mpaka hina, na mkono wangu nausifu mwenyewe kabla hajausifu mtu. Kwa hiyo vijana wa sanaa waliponiomba nichore kwenye ukuta mrefu ulio kando ya njia ya feri, hapa Likoni, sikujifanya mnyonge. Wakaniambia kila mchoro utakaa miezi mitatu, kisha ukuta upakwe upya. Nikacheka. Miezi mitatu! Hina yangu ikikaa majuma mawili nashukuru.

Nilijua pale pale nitachora nini. Mwaka uliotangulia nilimpaka bibi harusi mmoja, jirani yangu wa Timbwani, tawi la asmini lililoanzia kwenye kifundo cha mguu, likapanda hadi juu ya goti, na mwisho wake ua ambalo bado halijafunguka. Ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka mkononi mwangu, na walioiona ni watatu tu: mimi, somo yake aliyemfunda, na mumewe. Kisha ikachujuka. Iliniuma, wallahi, na sikumwambia mtu.

Basi nikalipandisha lile tawi ukutani, refu kuliko mlango, jeusi juu ya ukuta mweupe. Watu wakasimama, wakatoa simu, wakapiga picha. Kichwa kikanivimba.

Siku ya tatu jirani yangu akanikuta pale nikijionea fahari. Nilimsalimu, hakuitika.

"Dada, huo ni mguu wangu."

Nikadhani ananitania. "Ni ua tu, mwanangu. Nani ajuaye?"

"Mume wangu ajua. Jana ameshuka feri na wenzake wa kazini, wote wakasimama kulitazama. Mmoja akasema, hebu lione linavyopanda. Amerudi nyumbani hali chakula wala hasemi. Nawe waniuliza nani ajuaye?"

Mimi! Mimi ambaye miaka yote nafunga mlango na kuteremsha pazia, hata mawifi siwaachi wachungulie, nimeutoa mguu wa mtoto wa watu barabarani kwa mkono wangu mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nilikuwa mimi. Siku zote nilinung'unika kwamba hina yaniibia kazi yangu kwa kutoka upesi. Sikuwahi kufikiri kwamba kule kutoka ndiko kulikowasitiri wateja wangu.

Nikawakimbilia wale vijana, nikawaomba waufute mchoro. Wakanijibu kwa upole, "Mama, si ni ya muda tu? Vumilia, miezi mitatu si mingi." Nilitaka kuwazaba makofi. Nikaenda kutafuta chokaa.

Asubuhi iliyofuata nilifika na ndoo na brashi mbili, maana ya kwanza ilikuwa kuukuu na sikuiamini. Nilipaka mkono wa kwanza, ua likabaki linaonekana. Jirani yangu akatokea, akakunja mikono ya buibui, akachukua ile brashi kuukuu. Tukapaka wa pili, kisha wa tatu. Ukuta ulipokuwa mweupe wote, akashusha pumzi, akanitazama usoni.

"Shukran, dada."

Nilitaka kulia kwa jinsi nilivyofarijika. Ng'ambo ya barabara muuza viazi karai alikuwa akitutazama kwa huzuni. Akavuka, akijifuta mafuta kwenye leso.

"Poleni jamani. Nani kawalazimisha kulifuta? Lakini msihuzunike, mie ninalo." Akatugeuzia simu yake, na ua likawa pale, zima, hadi juu ya goti. "Dada yangu wa Changamwe nimemtumia, naye kalitia kwenye kundi lao la harusi. Bibi harusi wao ameapa atapakwa lili hili. Wakutafuta wewe!"

Jirani yangu aliiweka brashi ndani ya ndoo, akateremsha ninja ya buibui lake kufunika uso, akaondoka bila kuaga.

Mpaka leo tukikutana njiani mimi ndiye humsalimu kwanza. Yeye huitika, huku akiitazama mikono yangu.