Mstari wa Zamu ya Nane

Wengi wanaozungumza habari za kocha wetu siku hizi, katika harusi na hitima za Wazanzibari wa London, hawakusimama hata mara moja kando ya kiwanja chake. Mmoja atakuambia alisomea mchezo ule Marekani; mwingine atakuambia alikuwa akiwapiga wanafunzi. Marekani hakufika, na kumpiga mtu sikumwona. Mimi nilikaa kando ya kiwanja kile misimu mingi, juu ya kiti cha kukunja, kitabu cha alama mapajani, na ninayoyaeleza hapa ni niliyoyaona mwenyewe. Pale ambapo sikuona, nitasema.

Kabla ya mapinduzi nilikuwa mwalimu Unguja. Baada yake nilifika London na vyeti ambavyo hakuna aliyevitaka, nikapata kazi ya ukarani katika maktaba ya chuo kimoja kaskazini-magharibi mwa mji. Kocha alinifuata miaka michache baadaye. Kwetu alikuwa akifundisha kriketi na mazoezi ya viungo. Chuoni alipewa funguo za ukumbi wa michezo na ufagio. Ndani ya kabati la ukumbi alikuta magongo, glavu na mipira ya besiboli, vitu vilivyoachwa na mwalimu mmoja Mmarekani aliyerejea kwao, pamoja na kitabu cha sheria za mchezo. Alikisoma kitabu kile mezani pangu kwa majuma mawili, akiniuliza Kiingereza kilichomshinda. Alipokifunga alisema, "Maalim, hii ni kriketi ya watu wasio na subira. Nitaiweza."

Akaiweza. Wachezaji wake walikuwa wana wa wenye maduka wa Rayners Lane, wanafunzi kutoka Kenya, na Waingereza wawili watatu waliokataliwa na timu ya kandanda. Waliokulia katika kriketi walikuwa na kosa moja: wakishaupiga mpira, walikimbia na gongo mkononi, ilhali katika besiboli mpigaji hulitupa chini akakimbia mikono mitupu. Kocha hakuwapigia kelele. Aliyekimbia na gongo alitakiwa kwenda nalo kila mahali kutwa nzima ya siku ya pili, darasani, mkahawani na msalani. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja kuazima kitabu cha hesabu na gongo kwapani.

"Leo wewe?" nikamuuliza.

"Leo mimi, Maalim. Jana kaka yangu. Mama anasema nyumba yetu sasa ni ya majambazi."

Kosa lile halikumaliza msimu. Wakuu wa chuo wakampa cheo cha kocha mkuu, na baada ya miaka michache kombe la vyuo lilikuwa likikaa kwetu zaidi kuliko lilivyokaa kwingine. Kila mchezo niliuandika mimi. Chuo hakikuwa na kumbukumbu nyingine ya ushindi wake isipokuwa kitabu changu, nilichokiandika kwa wino bila kufuta, na ambacho hakuna aliyewahi kukibisha. Nilijivunia hilo kuliko ilivyonistahili.

Ikaja Ramadhani ya katikati ya kiangazi, wakati jua la London linapokataa kutua. Kiangazi kilichotangulia mchezaji mmoja aliyefunga alizimia mazoezini, na wakuu wa chuo wakatoa amri kwamba aliyefunga asicheze. Kocha aliitia saini amri hiyo. Mwaka huo fainali iliangukia siku za mwanzo za mwezi wenyewe. Mrushaji wetu bora, yaani yule asimamaye katikati ya kiwanja akimrushia mpigaji mpira, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Mombasa, mrefu na mkimya. Alirusha siku ile kama nilivyomzoea, na tulifika zamu ya nane kati ya tisa tukiwa mbele.

Alasiri ikaingia. Wakati wake ulikuwa mrefu na ningeweza kungoja mchezo uishe, lakini mimi sikuwa mtu wa kuakhirisha sala, na hilo pia nilijivunia. Nikamwachia kitabu jirani yangu wa siku zote, Mhindi mwenye duka wa Rayners Lane, mzaliwa wa Unguja, ambaye kwa heshima ya funga yetu alikuwa ameziacha sambusa zake ndani ya gari. Nikaenda kusali nyuma ya kibanda cha vifaa. Niliporudi, mrushaji wetu alikuwa ameketi benchini na taulo kichwani, mwingine amesimama mahali pake, na wapinzani wanaipiga mipira yake wapendavyo.

"Kumetokea nini?"

"Maalim, umekosa sinema," akasema jirani yangu. "Kocha kaingia kiwanjani, kamkamata kijana shati hapa kifuani, kamvuta. Kijana naye kamjibu. Basi, kamtoa."

"Kamjibu nini?"

"Nitasikia vipi toka hapa? Lakini nyuso zile si za watu wanaotakana radhi."

Nikachukua kalamu, na katika nafasi ya maelezo nikaandika: Mrushaji ametolewa na kocha kwa kukosa adabu. Sikuandika kwamba nimeambiwa. Tukashindwa mchezo.

Kufikia Ijumaa iliyofuata, katika mitaa ya Kilburn nilikokaa, kocha alikwisha kuwa amempiga kijana makofi mawili. Ijumaa ya pili makofi yalikuwa ngumi. Barua ya malalamiko ikafika chuoni, ikidai kwamba amemdhalilisha mwanafunzi na kulitupa kombe kwa hasira zake. Wakuu wakateua kamati ya watu watatu. Ikithibitika, ukocha umekwisha, na pengine kazi pia. Kamati ikaniita, niende na kitabu.

Siku moja kabla ya kikao nilimfuata ukumbini. Alikuwa akishona glavu iliyofumuka.

"Kesho watanisomesha ule mstari," nikamwambia. "Nataka kujua mlisemezana nini."

"Si langu kulisema, Maalim."

"Ni la nani?"

"La mwenyewe. Nimemwahidi."

"Utafukuzwa kwa ajili ya ahadi?"

"Nikifukuzwa, nitakuwa nimeitimiza." Akakata uzi kwa meno yaliyokauka kwa funga. "Wewe wasomee ulichokiona."

Nilikwenda pale nikitaraji anipe neno la kuutengeneza mstari wangu. Badala yake alinikumbusha, bila kujua, kwamba sikuwa nimeona kitu.

Kikao kiliongozwa na mama mmoja wa Kiingereza, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kwa mkufu, na nakiri kwamba alikuwa mwadilifu. Tulizungumza Kiingereza. Nikasoma mstari, nikaueleza.

"Uliliona tukio hili kwa macho yako?" akauliza.

"Hapana."

"Nani aliyeandika?"

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nikisali."

Akavaa miwani yake, akazifunua funua kurasa za miaka yote. "Na mistari mingine humu, mingapi imeandikwa namna hii?"

"Hakuna hata mmoja."

"Kwa ushahidi wa nani?"

"Wangu," nikasema, na mmoja wa wajumbe akainamisha uso kuficha tabasamu. Hakunitukana. Mimi mwenyewe, mwanafunzi angalinijibu hivyo darasani, ningalitabasamu.

Kocha alipoulizwa alisema tu, "Nilimtoa kwa sababu hakuweza kuendelea," asiongeze. Mrushaji alikwisha kuandika barua kwamba hana lalamiko lolote. Kwa kukosa shahidi, shauri likafutwa na kocha akabaki na cheo chake. Lakini kamati iliandika jambo la pili: kwamba kitabu changu kisitegemewe tena kuwa kumbukumbu ya chuo. Ubao wa ushindi ulipotundikwa baadaye katika ujia, kwa herufi za dhahabu, ulianzia msimu uliofuata. Miaka ya mwanzo ya kocha, iliyokuwa mizuri kuliko yote, haimo.

Majira ya baridi, mrushaji alipomaliza mitihani yake ya mwisho, alikuja maktabani kunieleza kwa kinywa chake. Siku ile alikuwa amefunga. Alimsihi kocha amruhusu, naye akamruhusu kwa sharti moja: mara tu atakapoona kizunguzungu, aseme. Katika zamu ya nane alimwona mdakaji, yule achutamaye nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, kuwa wawili, akainua mkono. Kocha alimshika shati kifuani kwa sababu magoti yalikuwa yamekwisha.

"Na lile neno ulilomjibu?" nikamuuliza.

"Nilimwambia, 'Usiniwate, mwalimu, n'taanguka mbele ya watu.'" Kwa Kiswahili cha kwao Mombasa, alimwomba asimwachie.

Lingejulikana, kocha angefukuzwa kwa kuivunja amri, na kila mwanafunzi mwenye kufunga angezuiwa hata mazoezini. Sisemi kwamba alifanya sawa kuvunja amri aliyoitia saini. Nilimwendea ukumbini nikamwambia hivyo, naye hakubisha. Kisha nikamkabidhi kitabu, nikamtaka atafute mwandishi mwingine.

"Kwa nini?"

"Nimekupotezea miaka yako ya mwanzo."

"Vikombe vipo kabatini, Maalim. Vumbi navipangusa mwenyewe." Akanirudishia kitabu. "Mtu wa kusema 'sikuona' mbele ya wakubwa watatu nitampata wapi tena? Jumamosi saa nane tuna mchezo wa kirafiki. Uje na koti, kuna baridi."

Nikaenda. Mwenye duka alikwisha kufika, sambusa magotini, akasogeza kiti chake kunipisha.

"Maalim, mimi safari hii ukienda kusali, sioni wala sisikii."

"Ona," nikamwambia, nikimpa kalamu ya pili. "Ona, uandike, na chini yake utie saini yako mwenyewe."