Saini ya Aili Lahti

Rudy Lahti alikuwa na mdomo wa kusemea watu wawili, na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa mkewe Aili alimwachia tu. Daktari akimuuliza Aili anaumwa wapi, Rudy ndiye anayejibu.

Asubuhi hiyo ya Machi walikuwa benki, mbele ya Colette Beaudry, mwenye muhuri wa kushuhudia saini. Mezani palikuwa na fomu ya pensheni. Rudy alikuwa amekwangua theluji kwenye barabara za wilaya tangu ujanani, na Ijumaa alikuwa anastaafu. Alishaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza: alipwe pensheni nzima maadamu yu hai, na siku akifa iishe naye. Kisanduku cha pili kingemkata kidogo kila mwezi, ili Aili akibaki mjane aendelee kulipwa nusu na bima ya matibabu isimponyoke. Kile cha kwanza hakipokelewi bila saini ya mke, na mke mwenyewe alikuwa amepasuliwa moyo Oktoba.

"Umeisoma, Aili?" aliuliza Colette.

"Ameisoma," Rudy alidakia. "Gonga muhuri twende zetu. Jamaa wa kazini wananingoja gereji, pai za nyama zinapoa."

"Sikukuuliza wewe, Rudy."

Aili alishika kalamu. Wiki nzima walikuwa wamelumbana nyumbani, na kila mara Rudy alimaliza kwa kusema kwamba gereji nzima imechagua hivyo hivyo.

"Niambie kitu kimoja," Aili alisema. "Ukitangulia wewe, mimi nitaishi vipi?"

"Umeanza tena."

"Nijibu, Rudy."

Rudy aligeuzageuza kofia yake mapajani. "Mke wangu, tuseme ukweli. Daktari ulimsikia. Kwa moyo huo, ya nini tukatwe kila mwezi kwa ajili ya..." Alijikatiza, lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

Aili aliumia, tena aliumia sana. Kumbe mtu mzima huyu, aliyemshika mkono hospitalini siku kumi akilia mpaka kamasi zikimtoka, moyoni alikuwa ameshamzika.

"Kwa hiyo nikisaini, nakubali kwamba nitaanza mimi."

"Sijasema hivyo."

"Amesema," alisema Colette, macho yakiwa kwenye muhuri wake.

"Baba yako alianguka na miaka sitini, kabeba kuni za bafu la sauna," Aili aliendelea. "Wewe una hamsini na tisa, na ngazi tatu tu zinakutoa pumzi. Mbona hukufikiria utaanza wewe?"

Rudy alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Fomu isipofika Ijumaa nitakaa bila malipo," alisema.

"Basi chagua cha pili. Hicho hakihitaji ruhusa yangu."

Colette alimsogezea fomu nyingine. Rudy aliisoma mstari kwa mstari, shingo imemwiva, Aili akihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe na kuogopa. Kisha Rudy akaweka alama kwenye kisanduku cha pili, akaandika jina lake kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Nje, kwenye ngazi zenye barafu, Rudy alisimama bila kumwangalia mkewe.

"Umenidhalilisha mbele ya Colette. Nimekukosea nini mimi?"

"Mimi nimekataa kufa, Rudy," Aili alisema. "Basi."