Mpimaji Alipokuja kwa Bi Obdulia

Bi Obdulia alifua nguo za watu wa mtaa huu miaka arobaini. Vidole vimepinda, hafui tena. Kuta zake udongo, sakafu udongo. Mchana anachemsha maji ya sukari guru, na hicho ndicho chakula.

Mimi jirani yake. Tangu mke wangu Belarmina afariki situlii mahali. Nakula bure kwenye bwalo la wazee la manispaa, halafu natembea tu. Nikamwambia Obdulia naye aombe nafasi.

"We Anatolio, mimi si ombaomba."

"Kwa hiyo mimi ndiye?"

"Wewe mgane. Hujui hata kukaanga yai."

Baada ya mwezi akakubali. Wakasema atakuja mpimaji wa umaskini, aangalie nyumba, aandike alama kwa kila kitu ulichonacho. Alama zikizidi, nafasi huna.

Sasa, huku kwetu Boyacá mgeni hapokelewi kwenye nyumba tupu. Jirani yetu Custodia akaleta jiko lake la gesi, na kuku akamchinja. Mimi nikabeba meza yangu, viti vinne na redio ya Belarmina. Nilifurahi kupata kazi ya mikono. Hakuna aliyefikiri kwamba vitahesabiwa.

Mpimaji, binti anaitwa Yaneth, alikunywa supu huku anaandika.

"Jiko la gesi, lipo. Redio, ipo. Bibi, umewahi kulala na njaa?"

"Mimi?" Obdulia akacheka. "Hebu ongeza kuku, mwanangu."

Wiki mbili baadaye jibu likaja: huyu hahitaji msaada.

Nilizunguka uwanja wa kanisa mara nne, kisha nikaingia ofisini nikamwambia Yaneth kwamba vitu vile vilikuwa vya kuazima.

"Mzee, siwezi kufuta kwa maneno yako. Aje aseme mwenyewe."

Obdulia aliposikia, alinitupia kitambaa cha vyombo usoni.

"Umekwenda kunitangaza! Mtu mzima na mvi zako, mdomo kama kasuku!"

"Unakonda, Obdulia."

"Acha nikonde. Mwili wako?"

Siku tatu hakunifungulia mlango. Ya nne nikamwona anashuka njiani na mtandio wake mweusi wa misa. Nikamfuata kwa mbali.

Ofisini foleni ilikuwa ndefu. Yaneth akauliza lile swali kwa sauti kubwa, maana Obdulia hasikii vizuri. Watu wote wakageuka kumtazama.

"Nimelala na njaa," akasema. "Hata jana."

"Na jiko?"

"La Custodia. Kuku naye wa Custodia. Andika yote, usiniulize mara mbili."

Sasa anakula bwaloni. Anakaa meza ya dirishani, mimi ya mlangoni. Salamu hanipi. Namwona anamaliza sahani, anaifuta kwa kipande cha mkate wa mahindi. Mimi nakula nusu, nainuka, natoka.