Sweta ya Dada Yupo

Ofisi ya maji ya mtaani kwetu ina koti la kahawia linalofanya kazi kuliko mwenyewe. Asubuhi huwekwa mgongoni mwa kiti cha karani wa mita, na hapo hukaa mpaka jioni. Ukiuliza mwenye kiti yuko wapi, unaonyeshwa koti kwa kidevu: ametoka kidogo, koti lake si lile pale. Mteja akishaliona koti roho inamtulia, anakaa kwenye benchi na bili yake mkononi, anangoja. Mimi mwenyewe nimewahi kulingoja koti hilo kutwa nzima, kwa ajili ya bomba lililotoa hewa badala ya maji, na mita ikaihesabu hewa yote. Saa ya kufunga mwenye koti alikuja, akalivaa, akaniambia nije kesho. Wenzake wanamwita Bwana Koti, naye anacheka tu. Mtu akishakula haya hana tena cha kumtia aibu.

Anayeifanya kazi ya Bwana Koti ni jirani yangu. Tunachangia ukuta, na ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo mengi nayajua kabla hajanisimulia. Ofisini wanamwita Dada Yupo. Jina alipewa na mlinzi wa mlangoni, kwa sababu watu wakimuuliza nani yupo ndani, yeye huwajibu kuwa wengine hajui, lakini dada yupo. Lilianza kama utani. Sasa hata mkuu wa kitengo akipata mgeni mwenye hasira, anasema apelekwe kwa Dada Yupo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwahi kuajiriwa. Pale ofisini asiyekuwepo lake lipo, tena limefanywa vizuri na aliyepo.

Chumba chao kina meza nne na feni moja inayolalamika kuliko wateja. Meza ya Dada Yupo iko karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima aanzie. Nyuma yake yuko mzee mmoja, karani wa kumbukumbu, ambaye kila mtu kwake ni mpwa, na wote wanamwita Mjomba. Huyu hajawahi kumwamuru mtu maishani mwake. Yeye hukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Atakuambia mpwa wangu, mwandiko wako unasomeka kuliko wangu, nami macho haya yamekwisha, nisaidie hizi chache. Chache zenyewe rundo. Kisha macho yaliyokwisha yanarudi kwenye simu, kusoma vichekesho vya herufi ndogo kama chembe za chumvi. Meza ya tatu ndiyo ya koti. Ya nne ni ya mkuu wa kitengo, mama mwenye sauti laini na neno moja la hatari: hili dogo. Nisaidie hili dogo. Ukisikia hivyo, jua jua litakuchwea ofisini.

Nilimwambia mara nyingi, jirani, wema usizidi uwezo. Na wewe jitie hamnazo, waone. Alikuwa ananijibu kwa uchovu kwamba wale wa kwenye benchi hawana kosa. Mama aliyekuja na mtoto mgongoni kulalamikia bomba lililopasuka, atamwambia nini, akae aangalie koti? Basi anamhudumia huyo, na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo. Jioni anarudi anavua viatu mlangoni, nasikia kiatu kimoja kikianguka, kisha kimya kirefu kabla ya cha pili. Alikuwa anachoka mpaka kwenye kuvua viatu.

Yote hayo aliyavumilia, na angeendelea kuyavumilia, kama baba yake asingelazwa.

Mzee alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na mzaha. Kifua kilimzidi akapelekwa hospitali, na matibabu yakawa ya wiki kadhaa. Mchana alipelekewa chakula na mtoto wake wa kiume, mdogo wake Dada Yupo, ambaye ni kinyozi na hana wa kumwomba ruhusa ila mkasi wake. Dada Yupo yeye alibakiwa na saa ya jioni, na saa hiyo hospitali hawana mchezo nayo. Kengele ikilia, geti linafungwa, na mlinzi wa pale hajui dada wala shangazi. Siku za kazi alikuwa akifika geti limekwisha fungwa. Anasimama nje kidogo, anahesabu madirisha mpaka la wodi ya wanaume, anarudi nyumbani. Jumapili tu ndipo alipomwona baba yake, na Jumapili kitanda kimezungukwa na ukoo mzima, hata pa kuweka mkono hakuna.

Kilichomuuma sana si geti. Wiki ya kwanza mzee alikuwa anauliza kila siku, dada yako anakuja? Kinyozi anamjibu bado yuko kazini. Wiki ya pili akauliza mara mojamoja. Ya tatu akaacha kuuliza. Tena akaanza kumtetea, anawaambia wagonjwa wenzake kwamba binti yake ana kazi kubwa, ofisi nzima inamtegemea. Kinyozi alipomletea habari hizo, akidhani anamfurahisha, jirani yangu aliingia ndani akafunga mlango. Ukuta wetu, nimeshasema, mwembamba.

Aliomba ruhusa. Usidhani hakuomba. Mara ya kwanza mkuu alimwambia nenda tu, mzazi ni mzazi, ila nisaidie hili dogo kwanza, na hili dogo likala jioni yote. Mara ya pili alipewa ruhusa mchana, na saa ya kutoka Mjomba akawa ameumwa kichwa ghafla. Mara ya tatu alikuwa ameshashika mkoba, Bwana Koti akampigia simu kutoka anakojua mwenyewe, amshikie meza nusu saa tu. Pale ruhusa haikatazwi. Unapewa kwa moyo mkunjufu, halafu inaliwa mbele yako.

Jumatano hiyo hakuomba. Ananiambia hakupanga, na mimi namwamini, kwa sababu ni mtu asiyejua kupanga ubaya. Mjomba alikuwa ameweka majalada mezani kwake, juu ya yale ya jana. Bwana Koti hakuwepo, koti lilikuwepo. Mkuu alikuwa chumba cha pili na wageni. Kwenye benchi walibaki watu wawili. Akawahudumia wote wawili mpaka wakaondoka, maana hata kutoroka hajui kutoroka. Kisha akavua sweta yake ya kijani, akaitundika mgongoni mwa kiti. Akafungua jalada moja katikati, akaweka kalamu juu yake bila kifuniko. Kikombe cha chai alikiacha nusu. Ufundi huo ameutazama miaka na miaka, akafanya kwa mara moja tu bila kukosea. Mlinzi wa mlangoni alimtazama akipita, akadhani anakwenda dukani.

Hakuwa amefika kituo cha basi simu ikaita. Nakuomba unisikilize hapa. Koti la kahawia linaweza kutundikwa mwezi mzima na mwenyewe akawa harusini mji mwingine, mtu asiulize. Sweta ya Dada Yupo haikumaliza hata muda wa chai kupoa. Na aliyepiga simu alikuwa nani? Bwana Koti.

"Dada, uko wapi?" sauti ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Watu wameanza kujaa hapa, mimi niko peke yangu."

"Nimetoka kidogo," alisema. "Sweta yangu si ipo hapo?"

Akakata. Ananiambia alicheka peke yake ndani ya basi mpaka abiria wa pembeni akasogea. Miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta, sikuwahi kumsikia akimjibu mtu hivyo. Alishuka hospitali geti likiwa wazi kabisa, watu wanaingia na vikapu vyao, naye akaingia nao.

Baba yake alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, anamenya chungwa. Daktari alikuwa ameshasema anaendelea vizuri, na uso ulikuwa umeanza kujaa. Alipoinua macho akamwona binti yake amesimama kwenye njia ya katikati ya vitanda, alianza kutabasamu. Kisha tabasamu likakatika. Akachungulia nyuma yake, kama anayetafuta wengine.

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu nani, baba?"

"Wamewaita wote, au wamekuita wewe peke yako?"

Hakumwelewa. Akavuta kiti, akamwamkia, akamuuliza hali. Mzee aliitikia huku anamkagua usoni. Chungwa aliliweka juu ya kabati bila kulimaliza. Ndipo akamweleza, kwa sauti ya chini, habari ya jirani yake wa kitanda cha pili. Huyo naye watoto wake walikuwa wa kuja mwisho wa wiki. Wiki iliyopita wakaja wote katikati ya wiki, na nguo zao za kazini, wakacheka sana, wakamwambia anapendeza. Kumbe daktari ndiye aliyewaita. Keshokutwa yake kitanda kilitandikwa shuka jipya.

"Sasa leo Jumatano," alisema mzee, "na wewe uko hapa mapema hivi. Sema tu, mwanangu. Mimi ni mtu mzima."

"Hakuna kitu, baba. Nimetoroka kazini."

"Wewe?" Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Wewe utoroke kazi? Hujui kudanganya tangu mdogo. Usianzie kwangu, tena leo."

Akaapa, mzee hakusadiki. Kadiri alivyoapa ndivyo mzee alivyozidi kuamini kwamba anafichwa. Akaanza kutoa wosia. Cherehani apewe kinyozi hata kama hajui kushona, asiiuze. Nyumba isigawanywe. Kuna suruali ya mteja imebaki bila pindo, mwenyewe atafutwe. Dada Yupo alikuwa ametamani kwa wiki zote hizo kumsikia baba yake akipiga porojo zake za mpira na kuwasengenya wakoromaji wa wodini, na sasa amepata saa nzima ya kukaa naye, na anausiwa. Aliniambia hapo alijichukia kama hajawahi kujichukia.

Simu ikaita tena. Mkuu wa kitengo. Alitaka kuizima, kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo hajui kilimjia kutoka wapi. Akaipokea, na bila kusema hata neno akaiweka sikioni kwa baba yake.

Sauti laini siku hiyo haikuwa laini. Hata Dada Yupo aliyekaa kando alikuwa anaisikia vizuri. Mkuu alisema ameona sweta akadhani mtu yupo. Kwamba ndiyo tabia gani hii ya kuacha nguo kwenye kiti na kuondoka bila ruhusa, mtu mzima. Kwamba wageni wamekaa wanasubiri lile dogo na hakuna anayejua liliko. Kwamba kesho aje na maelezo ya maandishi, na akome. Mzee alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, anasikiliza kama anayesikiliza matokeo ya mpira redioni, na kadiri karipio lilivyozidi ndivyo mabega yake yalivyoshuka.

"Ahsante sana, mama," alisema mwishowe, kwa heshima zote. "Mungu akubariki."

Upande wa pili simu ikakatika.

"Kumbe kweli umetoroka," alisema mzee. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, binti yake akamshika mgongo, akaendelea kucheka ndani ya kikohozi. Akalichukua chungwa lake akalimaliza kulimenya, nusu akampa. Akamwonyesha kwa jicho mkoromaji wa kitanda cha mlangoni, akamwiga. Akauliza sweta ni ipi, ile ya kijani niliyokubadilishia vifungo? Wakaongea. Ananiambia waliongea maneno ya kipuuzi matupu, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Kengele ilipolia watu wakaanza kukusanya vikapu. Naye aliinuka, akamfunika baba yake shuka vizuri miguuni.

"Nisikilize," alisema mzee, akimshika mkono. "Kesho usije. Njoo Jumapili, kama siku zote. Ukija siku ya kazi unanishtua moyo."

Alikuwa amesema kwa upole, hakuwa na lawama yoyote. Jirani yangu amevumilia koti, amevumilia Mjomba na hili dogo, na matusi ya watu wasiopata maji, sijawahi kumwona amelia mbele ya mtu. Pale wodini, wauguzi wanapita na watu wanatoka, alisimama akalia.

"Nitakuja kesho," alisema. "Na Ijumaa. Nitakuja mpaka uzoee."

Mzee alivuta miguu yake upande mmoja, pole pole, akamwachia nafasi ya kukaa pale kitandani. Naye akakaa, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia kwa mara ya pili kwamba geti linafungwa.