Mshika Kamba wa Bakiri

Wakwezi wa Tanga wana adabu moja ambayo haikuandikwa popote. Kabla mtu hajaukumbatia mnazi, hupaza sauti kusema kwamba anakwea, kwa sababu akifika juu ataona kila ua, na katika kila ua kuna bafu lisilo na paa. Wanawake wakisikia hujitanda kanga, wanaume humjibu akwee, naye huenda juu akiwa na ruhusa ya mtaa mzima. Bakiri aliirithi adabu hiyo kwa baba yake, pamoja na nyayo ngumu, na vyote viwili alivuka navyo mipaka hadi Johannesburg.

Hapa hakuna minazi. Kuna mijakaranda, mialoni na miti mingine mirefu ya kigeni, iliyopandwa na watu waliokuja kufuata dhahabu wakakuta nyika isiyo na kivuli. Sasa mingi inaugua. Kuna kadudu kadogo kuliko punje ya ufuta kanakotoboa shina, na mti huanza kukauka kutoka kileleni, kama mtu anayeota mvi za ghafla. Ugonjwa huo ndio unaompa Bakiri riziki. Akilifikiria sana jambo hilo humtia huzuni, kwa hiyo halifikirii sana. Ana pikapu kuukuu, misumeno miwili ya injini, kamba iliyo bora kuliko godoro lake, na vibao vyenye namba yake ya simu alivyovifunga kwenye nguzo karibu na robot, yaani taa za njia panda, mahali madereva husimama wakisubiri taa igeuke.

Ana pia Ruphin, Mkongo wa Bukavu, ambaye ndiye mshika kamba. Kamba hufungwa kiunoni mwa Bakiri, hupita kwenye panda ya juu ya mti, hushuka, huzungushwa shinani, na mwisho wake huwa mkononi mwa Ruphin. Wa chini akilegeza, wa juu anashuka. Akikaza, wa juu anabaki alipo. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kufunga fundo, Bakiri humwuliza kama ana neno naye. Ruphin akiwa nalo hulisema, kwamba jana Bakiri alimaliza pilipili yote, au kwamba anakoroma ndani ya pikapu. Hugombana, hucheka, ndipo kazi huanza. Bakiri huamini kwamba mtu hawezi kuning'inia kwenye mkono wenye kinyongo.

Mwaka huu Bakiri alipenda. Alimpenda Bushra, mjane wa Unguja, fundi cherehani wa mtaa wa pili kutoka kwake, katika kitongoji cha La Rochelle, anayeishi kwa kaka yake. Alianza kwa kumpelekea ovaroli iliyopasuka. Wiki iliyofuata akapeleka nyingine, na nyingine tena, mpaka Bushra akagundua kwamba mipasuko hiyo imekatwa kwa kisu.  Aliishona, lakini safari hii kwa uzi mwekundu, na Bakiri akaivaa ovaroli hiyo kifua mbele kama mtu aliyetunukiwa nishani.

Kaka yake Bushra, Mansour, huuza mablanketi kwa jumla katikati ya jiji. Ni mtu mnene, msafi, mwenye kupima maneno. Posa ilipomfikia kwa mdomo wa Ruphin, alijibu kwamba hana dada wa kumpa mtu afanyaye kazi ya tumbili. Bushra hakulia wala hakununa. Alimwambia kaka yake kwamba hata blanketi halirudishwi kiwandani kabla halijakunjuliwa, aende akamwone mtu huyo kazini, kisha akatae akiwa na hoja.

Mansour akaenda. Kazi siku hiyo ilikuwa kitongoji cha Kensington, mashariki mwa jiji, kwenye mwaloni uliokufa nusu, ndani ya ua wenye kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Mwenye nyumba alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Pikapu ilikwisha kujaa matawi, na Ruphin ilimlazimu kuyapeleka jalalani kabla halijafungwa. Lilibaki tawi moja juu ya paa. Bakiri akasema watamsubiri Ruphin. Mansour, ambaye hajazoea kusubiri wafanyakazi, akauliza kama kushika kamba kunahitaji shahada, akavua koti lake.

Bakiri alimwonyesha namna ya kukaza na kulegeza. Kisha akamwuliza kama alivyomwuliza Ruphin siku zote.

"Kaka Mansour, una neno na mimi?"

"Sina neno," akasema Mansour, kwa adabu.

Basi Bakiri akapaza sauti yake ya Tanga kwamba anakwea, wenye nyumba wajisitiri. Alifanya hivyo kila siku katika jiji hili na hakuwahi kujibiwa, isipokuwa na mbwa. Lakini mtaa huu ulikuwa umejaa watu ambao kuta zimewaficha. Kutoka ua wa kulia sauti nzito yenye lafudhi ya Kongo ikasema, "Panda tu, papa, huku hamuna mutu anaoga." Na kutoka ua wa nyuma mwanamke akacheka, akasema kwa lafudhi ya Kenya kwamba yeye amevaa vizuri ila nguo kwenye kamba ndizo zenye aibu, asiziangalie.

Bakiri alipanda akicheka. Kutoka juu akawaona. Wa kulia alikuwa mlinzi, jina lake Gaston, amekaa kwenye kiti cha plastiki na redio mapajani. Wa nyuma alikuwa Benita, yaya, ana mtoto mgongoni na mwingine mguuni. Na mbele yao wote jiji lilikuwa limejimwaga kijani hadi upeo wa macho, miti juu ya miti, kana kwamba nyumba ndizo zilizoota kwa bahati mbaya. Alilikata tawi, likatua penye nyasi pasipo kuvunja hata kigae. Akazima msumeno. Upepo ukamzungusha taratibu, na furaha ikampanda kichwani. Akaomba ashushwe.

Kamba haikusogea.

"Ninalo neno," akasema Mansour kutoka chini.

Bakiri akamjibu kwa upole kwamba alimwuliza alipokuwa ardhini. Mansour akasema alipokuwa ardhini neno hilo lilikuwa halijaja. Lilikuja alipomwona yuko kule juu. Mume wa kwanza wa Bushra, Salum, alikuwa dereva wa lori la Durban. Aliondoka jioni akiwa ameshiba, akarudi amefunikwa.

"Nimeshamwosha shemeji mmoja kwa mikono hii. Sitaki kumwosha wa pili."

"Mimi sijawahi kuanguka, kaka."

"Salum naye alikuwa hajawahi."

 Gaston akapunguza sauti ya redio. Bakiri, akining'inia kwa fundo moja ndani ya ovaroli yake ya uzi mwekundu, akaona kila ahadi aliyokuwa nayo ni ya uongo. Hatimaye akasema asilolipanga.

"Siwezi kukuahidi kwamba sitakufa. Naahidi sitapanda bila wa kunishika, na sitamficha Bushra mti niliomo."

 Mansour akasema amesikia, atamshusha, wataongea chini. Lakini kamba bado haikusogea. Bakiri akauliza kuna nini. Sauti ya Mansour ikatoka nyembamba, ikasema vidole havifunguki. Akili inaviamuru vilegeze, navyo vinafikiri vinaambiwa viangushe.

Hapo mtaa wote ukaingia kazini. Gaston alipanda juu ya kiti chake, macho yakatokeza chini ya nyaya, akamwambia Mansour apumue kwanza, asiangalie juu, aangalie shina tu. Benita akamwambia ajifanye anashusha ndoo kisimani. Mansour akajibu kwa hasira kwamba kwao walikuwa na bomba. Gaston akasema basi ashushe bomba. Bakiri juu alikuwa anacheka hadi machozi, na kila akicheka alizunguka, na kila akizunguka Mansour alizidi kukaza.

Bushra aliingia getini wakati huo, ana kapu la chakula. Alikuwa amewaacha wanaume hao wawili peke yao asubuhi nzima, moyo ukakataa, akapanda teksi mbili kuja kuona kama bado wako hai. Alimwona kaka yake amelikumbatia shina kama mtoto, akamwona na mchumba wake anaelea hewani.  Aliweka kapu chini, akashika kamba nyuma ya mikono ya Mansour, akamwambia amemshika yeye pia, alegeze kidogo tu, uzito uko kwake.

Kidole kimoja kikafunguka. Kamba ikatambaa. Bakiri akashuka kama buibui aliyeshiba, akipita karibu na kisiki cha tawi kilichochongoka, na Mansour, macho yamemtoka, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Taratibu hapo, shemeji. Sukuma kwa mguu."

Bushra alikuwa wa kwanza kusikia. Akainamisha uso.

"Umesikia amemwita nani?" Benita akauliza nyuma ya ukuta.

"Nimesikia, mama," akasema Gaston. "Na nitashuhudia."

Mansour alitaka kulimeza neno lake, akaona limekwisha kuruka kuta mbili. Alipojikung'uta na kuvaa koti, alimwambia Bakiri aje Ijumaa na wazee wake, mambo yafanywe kwa heshima. Bakiri akasema wazee wake wako Tanga, hapa hana mtu. Gaston, akiwa bado juu ya kiti, akasema wazee wapo, yeye mwenyewe Ijumaa zamu yake huanza jioni.

Ndiyo maana Ijumaa ile, baada ya swala, sebule ya Mansour ilipokea ujumbe wa posa ambao La Rochelle haikuwahi kuuona. Ruphin alitangulia na suruali ya kuazima. Gaston alifuata na sare ya ulinzi, juu yake kofia ya Bakiri iliyomkalia kama kifuniko cha birika. Ilipokwisha kusomwa fatiha, mkono wake ulikwenda kwa mazoea kufanya ishara ya msalaba, akagutuka njiani, akamalizia kwa kujipangusa uso kama wengine. Mansour aliitikia amina akiwa ameuma mdomo ili asicheke.

Ikabaki kumwuliza Bushra. Mwari akinyamaza, ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa. Mjane sharti atamke. Bushra alikuwa nyuma ya pazia na Benita, na haki yake aliijua vizuri. Akanyamaza. Gaston, kwa kutojua, akaanza kupiga makofi, Ruphin akamkanyaga mguu. Ukimya ukarefuka. Bakiri alitazama zulia, akashikwa na kizunguzungu ambacho juu ya mti hakuwahi kukijua.

"Kaka," sauti ikatoka pale pazia, "huyo ulimshusha vizuri. Sasa nilegezee kamba na mimi. Nimekubali."

 Mansour akanyanyuka, akaenda jikoni kuleta sharubati kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo nyumba hiyo haikuwahi kuliona, na kwa kuwa hakujua bilauri zinakaa wapi, alirudi nayo ndani ya sufuria.