Dakika ya Kumi na Moja

Kwa miaka kumi na tisa Hemangi Karkhanis hakuwahi kula kitu asubuhi ya Alhamisi. Si mfungo, wala hakuwa na nadhiri kwa mungu yeyote. Alikuwa mtu wa televisheni tu, na Mumbai nzima watu wa televisheni wanajua kuwa Alhamisi ndiyo siku namba za watazamaji zinapotoka. Zikipanda, ofisini watu wanalishana peremende. Zikishuka, lazima mtu afe. Simaanishi wa ofisini, ingawa wapo waliokaribia! Afe mtu ndani ya tamthilia: mkwe ateleze kwenye ngazi, bwana harusi agongwe na lori. Ikishindikana kabisa, hadithi inaruka miaka ishirini mbele, watoto wanakuwa wakubwa na mama zao hawaoti hata mvi moja.

Alianza kwa kubeba kanda kutoka chumba cha uhariri kwenda kwa wakubwa, binti wa karani wa posta kutoka mji wa Nashik. Akapanda polepole mpaka akawa yeye ndiye anayeamua nani afe. Aliua watu thelathini na saba, na hakuna hata mmoja aliyemnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni usiku wa Jumatano, wa kungoja namba.

Basi kampuni moja ya video za mtandaoni ilipomwita awe mkuu wa vipindi, alikubali kabla hawajataja mshahara. Aliambiwa huko hakuna Alhamisi. Kumbe! Huko namba zinaingia kila dakika, na zinakuonyesha mpaka sekunde ambayo mtazamaji amekuchoka.

Tamthilia yake ya kwanza iliwekwa mtandaoni Ijumaa saa tano asubuhi, vipindi vyote vinane kwa mpigo. Bwana Devnani, mkurugenzi, alikuwa amemwambia bila kuficha: hii ikianguka, arudi alikotoka. Na alikotoka kiti chake kilishapata mwenyewe. Saa saba mchoro wa namba ukaporomoka mahali pamoja, dakika ya kumi na moja ya kipindi cha kwanza. Maelfu ya watu walikuwa wanakatisha hapo hapo.

Hapo palikuwa na mama mzee jikoni, anakanda unga wa chapati mbili: moja yake, moja ya mwanawe ambaye haji. Dakika nne nzima, hasemi neno, hakuna hata muziki. Hemangi alizipigania sana dakika hizo. Siku alipozitazama mara ya kwanza alilia mbele za watu na wala hakuona haya.

Simu ikalia. Ni Devnani.

"Hemangi, yule bibi anatuua."

"Nipe mpaka kesho, bwana. Nakuomba."

"Kesho tutakuwa tumeshazikwa! Kule televisheni ungefanyaje?"

Hemangi akakata simu. Alijua vizuri sana angefanyaje. Akampigia Baban, fundi wa uhariri.

"Mtoe yule bibi."

"Dakika zote nne, madam?"

"Zote. Usiniulize tena, maana sitaweza kulisema mara ya pili."

Saa tisa kipindi kilichokatwa kilikuwa hewani na mchoro umenyooka. Devnani akamletea sanduku la peremende. Hemangi alitia moja mdomoni, akaitema kwenye karatasi.

Saa kumi akapiga simu mama yake, kutoka Nashik.

"We Hemangi, yule mama umempeleka wapi?"

"Mama yupi tena?"

"Wa jikoni! Nilimwacha anakanda unga. Nikasimamisha video, nikampigia mama yako mkubwa wa Satara. Miaka minne hatusemezani, si unajua? Tumeongea, tumelia kama watoto, mimi na huyo dada yangu! Nimerudi nimalizie, mama hayupo, wamerukia harusini. Jirani naye alisimamisha hapo hapo akampigie mwanawe Dubai. Sasa ananiambia labda tumeota. Mimi mwehu, Hemangi?"

"Hapana, mama. Wewe si mwehu."

Kwenye televisheni anayeondoka ameondoka, ameshahamia kituo kingine, na katika miaka kumi na tisa Hemangi hakuwahi kuuliza kama mtu hurudi. Akafungua namba upya, safari hii akatafuta waliorudi. Wengi wao walikuwa wamerudi, huyu baada ya robo saa, yule baada ya saa nzima. Wengine walikuwa hawajarudi bado. Jamani, alijichukia.

Akampigia Baban.

"Mrudishe."

"Bwana Devnani ameruhusu?"

"Hajui."

"Madam, atakufukuza leo leo."

"Najua, na ninaogopa. Mrudishe, Baban, upesi. Kuna watu sasa hivi wako kwenye simu na mama zao, na wakimaliza watarudi kumtafuta."